Chumba cha bei rahisi, jirani na mialo

Shangazi,
Tumepanga Buhemba, jirani kabisa na makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu. Mume wangu anaosha dhahabu kwa zebaki, na jioni anaichoma kwenye jiko letu la mkaa, ndani, kwa kuogopa wezi. Nina mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu. Dada yangu wa Bunda ananiambia nihame haraka, ila kodi ya kule hatuiwezi. Nikichemsha maji na kumpa mtoto maziwa, sumu haitapungua?
Mama wa Mmoja, Butiama

Mwanangu, maziwa mpe kwa kuwa ni chakula. Zebaki hayaitoi. Kuchemsha maji nako kunaua vijidudu tu.

Hatari yako kubwa iko jikoni kuliko kwenye ndoo. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana wala kunuka. Unaingia mapafuni, unamfikia hadi aliye tumboni, na mwingine unaganda ukutani na kwenye nguo. Kwa hiyo leo hii, kabla hujawaza kodi, uchomaji utoke ndani. Baba mtoto achomee mbali na makazi, kwenye ritoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Kinamrudishia sehemu kubwa ya zebaki, na zebaki anainunua. Asiyesikia habari za afya huenda akasikia hesabu. Jiko hilo lisipikiwe tena. Nguo za kazi avulie nje, zifuliwe peke yake. Ndani piga deki, usifagie vumbi kavu. Kliniki mwambie mkunga kuwa nyumbani mlikuwa mnachoma zebaki, usingoje akuulize.

Dada yako ana haki ya kuogopa, ila kodi halipi yeye. Chumba chako ni rahisi kwa sababu ya mialo, na mwenye nyumba analijua hilo. Mwenye hela hakai hapo. Halafu zebaki ikishamtetemesha mtu mikono, kazi ya machimboni inamshinda, na hata hicho chumba rahisi kinakuwa ghali. Usisubiri hela ya kuhamia Bunda; huko nako, kule Kinyambwiga, wanachimba dhahabu. Tafuta chumba ng'ambo ya kijiji, mbali na mialo, angalau mpaka ujifungue.

Tena usione aibu kudai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako familia za wavuvi ziliugua kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwanda. Kuchomea dhahabu kwenye makazi ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe.

Usiende peke yako, wakasema unamharibia mumeo kazi. Kusanya wanawake wa mialoni, nendeni serikali ya kijiji, kisha kwa afisa mazingira wa halmashauri, mkaombe jambo moja: eneo la pamoja la kuchomea, lenye ulinzi, mbali na nyumba za watu.