Umemaliza sekondari Marekani, unataka jeshi gumu kuliko yote

Kila msimu wa mahafali, vijana wa familia zetu zilizoko Marekani, Wakongo, Wakenya, Warundi, Watanzania, hukaa meza moja na maofisa wa uandikishaji. Mshauri wetu anajibu maswali yao, na moja la mzazi.

Nina miaka 18, nakimbia na kuogelea vizuri. Nataka jeshi gumu kuliko yote. Je, niende Marine Corps?

Ukipima kwa depo peke yake, ndiyo. Kuruta wa Marine Corps hukaa wiki 13 Parris Island au San Diego. Mwenzake wa jeshi la anga humaliza kwa takriban wiki saba na nusu. Kuelekea mwisho wa depo ya Marine Corps kuna zoezi la saa 54: usingizi wa kuibia, chakula kidogo, mizigo mgongoni, na vikwazo ambavyo mtu mmoja havuki bila kubebwa na wenzake.

Lakini depo ni miezi mitatu, na mkataba mara nyingi ni miaka minne. Waliopita saa 54 zile, mmoja anakwenda kushika bunduki, mwingine anakwenda kuhesabu vipuri stoo. Kwa hiyo, mwanangu, chagua kazi kwanza. Jeshi la anga wanalolidharau vijana lina waokoaji wanaoruka kwa parachuti kuwafuata majeruhi katika eneo la adui. Mafunzo yao huweza kufika miaka miwili, na wengi huishia njiani. Jeshi la nchi kavu nalo lina mkataba unaomruhusu raia wa kawaida kuingia moja kwa moja kujaribu vikosi maalumu.

Ndoto yangu ni kutibu majeruhi wa Marine Corps vitani.

Basi jiandikishe jeshi la majini. Marine Corps haina matabibu wake. Wanaowatibu askari wake hadi mstari wa mbele ni wa jeshi la majini. Kuna vijana wanaoligundua hili wakiwa wameshatia saini, na inauma.

Ofisa ameniahidi nitakuwa komando.

Anachoweza kukuahidi ni nafasi ya kujaribu. Isome kwenye viambatisho vya mkataba. Kisichoandikwa humo hakitakulinda. Jeshi la nchi kavu kwa kawaida huandika kazi yenyewe, Marine Corps huandika kundi la kazi, kisha wao ndio wanaokupangia. Uliza pia utapelekwa wapi ukishindwa. Wanaokwenda kambi ya Coronado kutafuta ukomando wa majini, wengi hushindwa, na mkataba hauishi hapo: unaweza kujikuta melini unakwangua kutu na kupaka rangi. Kama huwezi kuishi na jibu hilo, bado hujawa tayari.

Nina kadi ya kijani, si raia.

Unaruhusiwa kuingia kama askari wa kawaida. Uofisa unataka uraia, na kazi zinazogusa siri za serikali, zikiwemo nyingi za ukomando, hutazipata. Utumishi wa heshima hufupisha njia ya uraia, ila lazima uombe. Haupewi kwa kuvaa sare. Wako waliotumikia, wasiombe, na baadaye wakafukuzwa nchini. Anza maombi mapema.

Mwanangu ana miaka 17, anataka nimtilie saini. Nikikataa nitamvunja moyo. (Mama)

Mama, sheria imekupa kauli kwa sababu, na hupaswi kuharakishwa. Fahamu kwamba wajibu wote ni miaka minane: sehemu kazini, inayobaki akiba, na akiba huweza kuitwa. Faida nayo ni ya kweli: akitumikia miezi 36 kamili na kuachiwa kwa heshima, anapata hadi miezi 36 ya kusomeshwa, na chuo cha umma cha jimbo lake hulipiwa ada yote. Tena, akishaapa na kusubiri tarehe ya kuondoka, bado anaweza kubadili nia hadi siku ya kusafiri, hata ofisa akimwambia vinginevyo. Mwambie alete karatasi nyumbani, mzisome pamoja, na akuoneshe kwa kidole jina la kazi aliyoandikiwa.