Gari Lililotumika: Bei ya Kununua Si Bei ya Kuwa Nalo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye kutunza nyumba, somo letu la leo ni juu ya gari. Wengi wetu huweka akiba miaka kadhaa, kisha hununua Toyota RAV4 iliyokwisha kutumika Japani au Ulaya. Ni gari fupi, mara nyingi lina nguvu ya magurudumu manne, na mafundi wa Goma wanalijua. Kulipenda si kosa. Kosa ni kutoa pesa zote siku ya kununua, bila kubakiza hata kidogo kwa ajili ya breki.

Tuchukue barabara tunayoijua, ile inayopanda kutoka Goma kupitia Kanyaruchinya na Kibati kwenda Kibumba na Rutshuru. Chini kuna mawe ya volkano yenye makali kama kisu. Hewani kuna vumbi. Wakati wa kurudi ni mteremko, na mbele yako kuna chukudu zilizojaa viazi na makaa, pamoja na watoto wenye bido za maji. Barabara hii itakuonyesha gari lako likoje.

1. UJUE INJINI KABLA YA KULIPA

RAV4 za kwanza zilitoka mwaka 1994. Injini yake ya lita 2 huendeshwa na mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, injini huzimika papo hapo, hata kama uko katikati ya mlima. Muuzaji akisema mkanda ni mpya, mwombe karatasi. Akikosa karatasi, hesabu kwamba ni wa zamani, uubadilishe pamoja na pampu ya maji, kwa maana pampu hiyo huzungushwa na mkanda uleule.

RAV4 zilizofuata, za mwaka 2000 hadi 2005, nyingi zina mnyororo mahali pa mkanda. Huo ni uzuri. Lakini katika baadhi ya injini hizo, nyuzi za boliti zinazofunga silinda hedi huchakaa ndani ya bloku ya aluminiamu. Maji huanza kupotea kidogo kidogo, na injini huchemka. Kwa hiyo, angalia maji asubuhi injini ikiwa baridi. Lendesha gari kwenye mlima kwa nusu saa, liache lipoe kabisa, uangalie tena. Maji yakipungua, usinunue.

2. JOTO

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kwa urefu huo, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia yasichemke upesi ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta unaotunza shinikizo, na dawa maalumu ya kupoza. Mfuniko uliochakaa ni kitu kidogo, lakini unaweza kuua injini nzima. Sindano ya joto ikipanda, simama, zima, ngoja. Usifungue rejeta ikiwa moto! Maji yatakurukia usoni, nawe utaungua vibaya.

3. CHINI YA GARI

Mawe hula bushi, bolijointi na shokomzoba. Mifuko ya mpira inayofunika jointi za ekseli ikipasuka, vumbi huingia na grisi hutoka. Mfuko ukibadilishwa mapema ni kazi ya saa chache. Ukiachwa, utanunua ekseli nzima. Ukisikia “tak-tak-tak” unapokata kona, usingoje mwisho wa mwezi. Filta ya hewa nayo isafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu kiliandikwa kwa barabara za lami.

4. BREKI NA TAIRI

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Baada ya miaka miwili hivi yabadilishwe. Yakiwa na maji, huchemka kwenye mteremko mrefu, na pedali huzama hadi chini bila kushika. Ukishuka kutoka Kibumba, weka gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia gari.

Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kufa. Kwa gari la magurudumu manne, tairi zote ziwe za kipimo kimoja na zilingane kwa uchakavu, la sivyo mashine ya kugawa nguvu itaumia.

Neno moja juu ya usukani: sisi tunaendesha upande wa kuume. Mwenye usukani wa kuume haoni mbele anapotaka kulipita lori. Asilipite kwa kubahatisha.

5. DAFTARI

Nunua daftari. Jaza tangi, andika kilomita. Ukijaza tena, andika lita. Tuseme umekwenda kilomita 300 kwa lita 36: gari linakula lita 12 kwa kilomita 100. Likianza kula 15, kuna ugonjwa. Andika pia bima, vinyeti, oili, tairi na fundi. Gawanya jumla ya mwaka kwa 12. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya gari kwa mwezi. Ikishinda ada ya shule ya watoto, gari hilo si lako bado.

6. UNAPOLITENGENEZA NYUMBANI

Mgodini hatuingii chini ya mashine iliyoinuliwa bila kuikinga. Kwa nini nyumbani tufanye hivyo? Juu ya changarawe ya lava, jeki huteleza. Weka magogo imara chini ya gari, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiwashe injini ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake huua bila harufu ya kukuonya. Usilale ndani ya shimo ambalo watu wanasema lina mazuku, ile hewa nzito inayokaa mabondeni pande za Goma na Sake. Na esansi isikae nyumbani ndani ya bido karibu na mbabula wala mahali wanapolala watoto.

KWA NINI TUNASEMA HAYA

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilikata barabara hiyohiyo ya Rutshuru na kufika Buhene, kwenye mlango wa Goma. Siku tano baadaye watu wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Usiku wa namna hiyo, gari lisilowaka haliwaokoi wenyewe, na likizimika katikati ya njia huwafungia njia wengine. Basi tangi lisishuke chini ya nusu, betri iwe nzima, na maji yaangaliwe kila asubuhi.

Mama, baba, watoto: leo jioni zungukeni gari pamoja na kujibu maswali haya. Tairi zetu ni za mwaka gani? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Je, tunaweza kuondoka sasa hivi?