AFYA YA SEREMALA: MSUMENO WA MEZANI UNA KINGA



Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Pamoja na umeme zimefika mashine za kupasulia mbao. Karakana iliyokuwa ikitumia msumeno wa mkono sasa ina msumeno wa mezani. Kazi iliyochukua siku nzima humalizika upesi. Milango, vitanda na madawati ya shule hupatikana kwa wepesi. Hayo ni maendeleo mazuri.

Lakini mashine hii hukata kila kinachopita mbele yake. Haijui tofauti ya ubao na kidole. Seremala aliyekatika vidole hawezi kushika randa vizuri. Hata jembe humsumbua. Shida yake huwa shida ya mke wake na watoto wake pia.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Kwa mashine hii tusikubali usemi huo. Ajali zake zina sababu zinazojulikana. Mashine imefungwa vibaya, au msumeno ni butu, au kinga imeondolewa. Sababu ikijulikana, yaweza kuondolewa. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuifunga mashine, kutambua kasoro zake, na kumsaidia mtu aliyeumia.

SEHEMU ZA MASHINE

Tujue kwanza majina tutakayotumia.

Msumeno: duara la chuma lenye meno.
Ukingo: chuma kilichonyooka kando ya msumeno. Ubao huegemea hapo unapopasuliwa.
Kabari: bamba la chuma lililosimama nyuma ya msumeno. Huzuia ubao usiubane msumeno.
Kinga: kifuniko kilicho juu ya msumeno.
Meza inayoteleza: meza inayobeba ubao na kuupeleka kwenye msumeno.

Si kila mashine ina meza inayoteleza. Meza hiyo ilibuniwa na seremala Mjerumani, Wilhelm Altendorf, mjini Berlin mwaka 1906. Husaidia kukata ubao kwa unyoofu. Pia huiweka mikono mbali na meno.

MWENDO WA MENO

Tufanye hesabu kidogo. Chukua msumeno wenye upana wa sentimita 30. Ukizunguka mara moja, jino moja husafiri karibu sentimita 94. Ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, jino hilo husafiri karibu kilomita 170 kwa saa. Hakuna basi linalokwenda kasi hiyo katika barabara zetu. Kwa hiyo usiseme, "Nitauondoa mkono upesi." Hakuna mkono unaoweza kushindana na mwendo huo.

KWA NINI UBAO HURUSHWA

Simama mahali pa fundi. Meno yaliyo upande wako hushuka chini. Hayo huukandamiza ubao mezani. Meno ya upande wa nyuma hupanda juu, kisha huja kwako. Ubao ukiyagusa meno ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kwa fundi kwa nguvu nyingi. Waweza kumpiga tumboni au kifuani. Tena, ubao ukinyakuliwa ghafula, mkono uliokuwa ukiusukuma huangukia msumeno.

Ubao hugusa meno ya nyuma kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukingo haukunyooka, nao unaubana ubao upande wa nyuma. Ya pili, ubao wenyewe unajifunga baada ya kupasuliwa. Mti una nguvu zilizojificha ndani yake, hasa mti usiokauka vizuri. Kwa sababu ya kwanza, dawa ni kupima ukingo. Kwa sababu ya pili, dawa ni kabari.

NAMNA YA KUIFUNGA MASHINE

1. Kata umeme. Zima swichi kuu na chomoa plagi. Usiguse msumeno kabla ya kufanya hivyo.

2. Simamisha mashine imara. Iwe juu ya sakafu iliyosawazika, nayo isitikisike. Pawe na mwanga wa kutosha. Sakafu isiwe na vipande vya mbao vya kumkwaza fundi.

3. Funga msumeno unaofaa. Msumeno huandikwa mwendo wake wa mwisho. Mwendo wa mashine usizidi huo. Futa vumbi na utomvu mahali unapokaa msumeno. Meno ya upande wa fundi yaelekee kwake, yakishuka mezani. Kisha kaza nati.

4. Pima ukingo. Tia alama ya chaki kwenye jino moja. Lizungushe kwa mkono hadi lije mbele. Pima nafasi kati ya jino hilo na ukingo. Sasa lizungushe jino lilelile hadi liende nyuma. Pima tena. Vipimo viwe sawa. Kipimo cha nyuma kisiwe kidogo kamwe. Kikiwa kidogo, ubao utabanwa. Kama mashine ina meza inayoteleza, pima meza hiyo kwa njia hiyohiyo.

5. Weka kabari. Ikae karibu na meno ya nyuma, kwa nafasi ya milimita 3 hadi 8. Unene wake uzidi unene wa bamba la msumeno, lakini usizidi upana wa njia inayokatwa na meno. Kabari iliyo mbali na msumeno haisaidii.

6. Weka kinga na kimo cha msumeno. Meno yapite juu ya ubao kidogo tu. Kinga ishuke karibu na ubao. Msumeno ulioinuliwa juu bila sababu ni hatari ya bure.

7. Jaribu. Zungusha msumeno kwa mkono uone kama unagusa kitu. Ondoa spana na vipimo vyote mezani. Simama pembeni, kisha washa. Kama mashine inatumia umeme wa njia tatu, tazama inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume, zima mara moja. Mwite fundi umeme abadilishe nyaya. Usizibadilishe mwenyewe.

KASORO NA DAWA ZAKE

Mashine hutoa dalili kama mgonjwa. Fundi mwenye busara huzisikiliza.

Ubao unaungua na kutoa moshi. Msumeno ni butu, au una utomvu, au ukingo unabana. Safisha msumeno, unoe, na pima ukingo tena.

Inakubidi usukume kwa nguvu. Mara nyingi msumeno ni butu. Hii ni dalili ya kuogopwa. Anayesukuma kwa nguvu huteleza, na mkono wake huenda mbele. Msumeno mkali ukisukumwa polepole una hatari ndogo kuliko msumeno butu.

Mashine inatetemeka. Yawezekana nati imelegea, msumeno umepinda, au kuna uchafu mahali unapokaa. Yawezekana pia beringi zimekwisha. Zima. Usiendelee na kazi. Msumeno uliopinda au wenye ufa hautengenezwi. Hutupwa.

Mota inavuma lakini haizunguki. Zima upesi, maana mota itaungua. Katika umeme wa njia tatu, huenda njia moja imekatika. Mwite fundi umeme. Usiuzungushe msumeno kwa mkono ili kuisaidia mota. Ikiamka ghafula, mkono hauponi.

Msumeno unapunguza mwendo ndani ya ubao. Tazama kama mkanda umelegea, umeme ni mdogo, au unasukuma haraka mno. Zima, subiri usimame kabisa, ndipo uutoe ubao. Usiuvute nyuma wakati msumeno unazunguka.

MIKONO IKAE WAPI

Usisimame nyuma ya ubao moja kwa moja. Simama kando kidogo.

Tengeneza kijiti cha kusukumia. Kiwe na urefu usiopungua sentimita 45, na ncha yake iwe na pengo la kushika ubao. Kitumie kwa kila ubao ulio mfupi kuliko sentimita 30. Kitumie pia katika sentimita 30 za mwisho za ubao mrefu. Kijiti kikikatwa, utatengeneza kingine. Kidole hakitengenezwi.

Unapokata ubao kwa upana wake, usiache kipande kikabanwa kati ya msumeno na ukingo. Urudishe ukingo nyuma, au tumia meza inayoteleza.

Usivae glavu karibu na msumeno unaozunguka. Meno yakishika glavu, huvuta mkono wote. Mikono mirefu ya shati ifungwe. Kanga, skafu na mikufu iwe mbali. Vaa miwani ya kinga na viziba masikio, kwani kelele ya kila siku huharibu masikio polepole. Usitumie mashine ukiwa umelewa au umechoka sana. Watoto wasiingie karakana.

Usimsifu fundi anayefanya kazi bila kinga. Vijana humwona shujaa, nao humwiga. Huo si ushujaa.

VUMBI LA MBAO

Kidole kilichokatika huonekana siku hiyohiyo. Madhara ya vumbi huja polepole. Vumbi la mbao huleta mafua, kikohozi na pumu. Vumbi la mvule, mninga na msaji laweza kuwasha ngozi, macho na pua za baadhi ya watu. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ndani ya pua.

Basi fanyeni hivi. Wekeni mashine mahali penye hewa inayopita. Kama mwaweza, fungeni chombo cha kuvuta vumbi. Vaeni barakoa inayochuja vumbi. Kitambaa peke yake hakizuii vumbi jembamba. Nyunyizeni maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, lakini mbali na nyaya za umeme. Msipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Ogeni na kubadili nguo kabla ya kuwabeba watoto. Maranda yaondolewe kila siku, maana hushika moto upesi.

MTU AKIUMIA

1. Zima mashine. Mlaze mgonjwa.
2. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Inua mkono juu. Usiachie kila mara kutazama.
3. Usitie majivu, mafuta ya taa, udongo wala tumbaku. Vitu hivyo huleta uchafu na pepopunda.
4. Kidole kikikatika, kitafuteni. Kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu. Kitieni ndani ya mfuko safi wa plastiki, na kuufunga. Mfuko huo uwekwe katika chombo chenye maji na barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji.
5. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na kidole chake. Hata kama barafu haikupatikana, msichelewe. Mganga ataamua kama chaweza kuunganishwa. Mwulizeni pia kuhusu sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

KAZI YA WOTE

Usalama si kazi ya fundi peke yake. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwenye karakana ana wajibu wa kuwalinda wanaomfanyia kazi. Kikundi kinachonunua mashine kiulize kwanza: kabari iko wapi? Kinga iko wapi? Mashine iliyochomelewa mtaani bila vitu hivyo ni rahisi kwa bei, lakini ghali kwa vidole. Mrudisheni mchomeleaji aviweke kabla ya kumaliza kumlipa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ubao hurushwa kwa fundi? Taja sababu mbili.
2. Kwa nini msumeno butu una hatari kuliko msumeno mkali?
3. Pima ukingo wa mashine ya kijiji chenu pamoja na fundi, umeme ukiwa umekatwa. Kipimo cha mbele ni kipi? Cha nyuma ni kipi?
4. Nani katika karakana yenu anajua huduma ya kwanza? Kama hayupo, mtafanya nini?
5. Kila mmoja atengeneze kijiti cha kusukumia. Kitundikwe karibu na mashine kabla ya kazi ya kesho.