Kufundisha Kukua na Kuungana kwa Nyufa za Miamba

Mwanafunzi aonyeshwapo ramani ya Bonde la Ufa hudhani kuwa ardhi ilipasuka yote mara moja. Somo hili lakusudia kuondoa dhana hiyo.

Vifaa: Udongo laini wa mfinyanzi, tyubu kuukuu ya gari iliyokatwa na kutandazwa, na fito mbili.

Hatua: Mpira ufungwe kwenye fito kwa ncha zake mbili, kisha utandazwe udongo wenye unene wa sentimita 3. Wanafunzi wawili wauvute polepole, na wengine wachore wanayoyaona.

Kwanza zitatokea nyufa fupi, kila moja peke yake. Kila ufa utarefuka kwenye ncha zake, na udongo utashuka zaidi katikati ya ufa kuliko nchani. Ncha za nyufa mbili zikipitana bila kugusana, patabaki baina yao daraja lililoinama. Mwisho daraja hukatika, na nyufa mbili huwa ufa mmoja wenye kona.

Mwalimu aulize: Kona hiyo yatueleza nini? Jibu: Hapo ndipo nyufa zilipoungana.

Umuhimu: Ufa mrefu waweza kuleta tetemeko kubwa kuliko mfupi. Tarehe 28 Juni 1992, huko Landers, California, nyufa kadhaa zilizochorwa mbalimbali ramanini zilipasuka pamoja kwa zaidi ya kilomita 70, na tetemeko likafikia kipimo cha 7.3. Basi mwanafunzi asitosheke kupima ufa mmoja. Atazame na jirani zake.