Kompyuta ya Mezani Yenye Nguvu: Kuichagua, Kuifunga na Kuiongezea Uwezo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya walaji wa Musoma, Bunda na Butiama wanaokusudia kununua kompyuta ya mezani kwa kazi nzito, kama vile kuhariri video za harusi, kuchora michoro ya majengo, kutengeneza mabango au kuchakata takwimu za utafiti. Kwa mwenye studio ndogo, au mwanafunzi anayesomeshwa kwa mchango wa ukoo, kosa moja dukani laweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Mara nyingi kosa hilo huanzia kwenye kibandiko.

Tuseme mwenye studio wa Bunda anaonyeshwa kasha, lile ambalo wengi tumezoea kuliita CPU, lenye kibandiko cha Core i7. Anaambiwa hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, analipa, na anapewa risiti iliyoandikwa “kompyuta 1”. Akifika nyumbani, video ya dakika kumi inachukua nusu siku kukamilika. Kibandiko hakikusema uongo: ndani mna prosesa ya Core i7-2600, ambayo ni i7 ya kweli, ila ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100 ya mwaka 2022, yenye jina dogo na viini vinne vilevile, huishinda kwa mbali. Katika familia hii ya Core i, soma nambari inayofuata kistari, uondoe tarakimu tatu za mwisho; zinazobaki mbele ndizo kizazi. Hivyo 2600 ni kizazi cha pili, 8700 ni cha nane, na 12100 ni cha kumi na mbili.

Kizazi kina uzito mwingine siku hizi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, hukubali rasmi kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache za kizazi cha saba. Kompyuta nyingi za mtumba ziko chini ya hapo. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini mtengenezaji hatoi uhakika kwamba itaendelea kupata masasisho. Mwenye mashine ya zamani anaweza kutumia mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, ambao haulipiwi. Aulize kwanza kama programu anazozitegemea kazini zina toleo la Linux.

Kwa hiyo usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua ukurasa wa utendaji: hapo utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Kadi ya picha huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa zipo kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzigundua nyingi kati ya hizo. Nenda nayo kwenye flashi. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na dakika kumi za ukaguzi.

Ulichokiona kwenye skrini, kiandikwe. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara yenye muhuri jina kamili la prosesa, kiasi na aina ya RAM, aina na ukubwa wa diski, jina la kadi ya picha, kama mashine ni mpya au imetumika, na muda wa dhamana. Risiti ya EFD ni haki yako na pia ni wajibu wako kuidai, lakini huwa fupi mno kubeba maelezo hayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Yule ndugu wa Bunda, pamoja na machungu yake, ana karatasi inayosema aliuziwa kompyuta moja, na kweli anayo kompyuta moja. Kama karatasi ingetaja kizazi cha kumi na mbili, angekuwa na hoja ya kusimamia hata mbele ya lile bango la “mali ikishauzwa hairudishwi”, kwa sababu bango hilo halimpi muuzaji ruhusa ya kusema uongo.

Sasa umeme. Baadhi ya mitumba, hasa ya kutoka Marekani, ina swichi ndogo mgongoni mwa pawasaplai yenye alama za 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi ikiachwa kwenye 115, pawasaplai huungua papo hapo na yaweza kuondoka na vipuri vingine, kwa hiyo itazame kabla ya kuchomeka waya wowote. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na ngurumo za usiku si jambo geni kwa mkazi wa Musoma. Hakikisha soketi ina waya wa ardhi uliofungwa kweli, tumia kinga ya umeme, na mvua ya radi ikikaribia chomoa waya ukutani, pamoja na ule wa intaneti, maana kinga pekee haistahimili radi iliyopiga karibu.

UPS ichaguliwe kwa wati. Ile iliyoandikwa 650 VA mara nyingi hubeba wati 360 hivi, na kompyuta yenye kadi kubwa ya picha yaweza kuvuka hapo kazi inapopamba moto. Umeme ukikatika, nayo itazima palepale. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Fikiria pia LUKU. Mashine inayovuta wati 400 kwa saa sita kila siku hutumia uniti 72 kwa siku thelathini. Kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa wastani wa uniti 75 kwa mwezi, itakuwa imeukaribia ukomo huo na taa na jokofu bado hazijahesabiwa.

Kuhusu kuongeza uwezo, ushauri wetu ni kuanza na kinachogharimu kidogo na kuonekana mapema. Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Mabadiliko yake huonekana siku hiyohiyo. Kisha ongeza RAM mpaka GB 16, ambazo huwatosha wengi, au 32 kwa wahariri wa video. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha ukubwa wa jumla ileile. Kadi ya picha ije mwisho, tena baada ya kupima. Kompyuta za ofisini zenye kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, na nyingi zina pawasaplai ya umbo la pekee ambayo haibadilishiki kwa ile ya kawaida ya dukani. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati zisizozidi 75; katika makasha hayo nunua kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Anayejua tangu mwanzo kwamba atahitaji kadi kubwa anunue kasha pana. Taa za rangi zinazomeremeta ndani ya kasha hazimo katika hesabu hii.

Kufunga si kazi ngumu. Zima mashine, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipuri. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya picha, si kwenye tundu la ubao mama. Walaji wengi hulalamika kwamba kadi mpya haina nguvu kumbe haijaguswa kabisa. Weka kasha juu ya meza, mbali na dirisha la barabara ya vumbi, na usafishe feni kila baada ya miezi michache. Kama unatumia vifurushi vya simu, iambie Windows kwamba mtandao wako una kikomo kabla haijaanza kupakua masasisho.

Mashine inayosafiri kwa basi kutoka Mwanza au Kariakoo, au inayopelekwa vijijini Butiama kwa barabara ya vumbi, itolewe kadi nzito ya picha na kadi hiyo ifungashwe peke yake, kwa sababu mtikisiko huweza kuvunja tundu lake. Ikaguliwe tena inapopokewa, mbele ya aliyeileta.

Kasoro ikitokea, mwandikie muuzaji kwanza, ukitaja tarehe na maelezo ya ankara, na ubaki na nakala. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia, hasa yakikaa juani au kwenye pochi. Ipige picha na kuitoa fotokopi siku uliyonunua.