Redio mpya inasahau stesheni

Swali: Nilinunua Toyota iliyotumika kutoka Japani. Redio yake iliishia FM 90, nikafunga nyingine. Sasa kila nikizima gari, saa na stesheni zinafutika. Fundi anasema redio ni mbovu. Nifanyeje?

Jibu: Usiirudishe dukani bado. Dalili hiyo mara nyingi ni ya nyaya. Redio nyingi za dukani zina nyaya mbili za moto: wa njano, unaotakiwa kupata umeme wa betri saa zote ili kumbukumbu isipotee, na mwekundu, unaopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC. Kosa huja fundi anapoubahatisha upande wa gari. Kwenye Toyota nyingi umeme wa kudumu uko kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano. Wa ufunguo ni wa kijivu. Lakini pima kwanza. Chomoa ufunguo, gusisha mita kwenye ule wa njano wa redio: isome takriban volti 12. Ikisoma sifuri, nyaya zimepishana au fyuzi imeungua. Usikubali zote mbili ziungwe kwenye betri. Redio inaweza kunyonya umeme usiku kucha na asubuhi gari lisiwake. Na tafadhali, mwambie fundi anunue soketi ya kuunganishia, asikate nyaya za gari.