FARASI DUME WA NJORO NA MBUZI DUME WA SHULE YETU

Somo la ufugaji na historia, kwa madarasa yote



Munajua kwamba mwezi uliopita shule yetu ilipata mbuzi dume mukubwa, wa kabila la kigeni, mwenye masikio marefu ya kulala. Siku ile ile mabishano yakaanza. Wamoja walisema: "Huyu iko wa shule, asipande mbuzi wa inje, watamuletea magonjwa." Wengine wakasema: "Wazazi walete mbuzi zao, lakini walipe feza." Na wenzetu wenye wazazi wao walikimbia vita tangu mwaka 2014, wakaacha mifugo yote ku vijiji, wakanyamaza. Mutu mwenye hana mbuzi jike hata mumoja, atasema nini?

Sisi wakapita wa darasa la mwisho tuliombwa kutoa maoni. Tumeona afazali kuandika kwanza somo, kwa sababu neno hili si jipya. Wengine walilijaribu mbele yetu, tena na mnyama mwenye bei kupita mbuzi. Tusome mambo yao, kisha turudie kwetu.

1. FARASI WA DAMU SAFI NI NINI?

Wengi wetu hapa Mulekera hatujaona farasi kwa macho. Si ajabu. Ku musitu wetu na ku bonde la Semliki kuko mbungo, ile nzi wengi wanaita tsetse. Ugonjwa wake unaua farasi na ngombe.

Farasi wa damu safi, kwa Kifaransa pur-sang, ni kabila la mashindano lililotengenezwa Uingereza. Babu zake dume ni watatu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Waliletwa kutoka inchi za mashariki karibu na miaka ya 1680 mpaka 1730, wakapandishwa na majike ya Uingereza. Darley Arabian alifika kule mwaka 1704. Tangu mwaka 1791 kuko kitabu ambamo wanaandika majina: baba, mama, na wazazi wao. Mutoto asiyeandikwa humo hahesabiwi kuwa wa damu safi, hata akikimbia kama upepo.

Mpaka leo sheria ya kabila hili inakataza kuchukua mbegu ya dume na kuitia kwa jike na chombo. Jike sharti afike kwa dume mwenyewe. Kwa hivi mwenye dume muzuri anafanana na mutu mwenye kisima katika inchi kavu. Jirani wote wanapiga hodi kwake.

2. NAMNA YA KUTOA DUME KWA MAJIRANI

Mwenye dume anatangaza jina lake, baba yake na mama yake, mashindano aliyoshinda, bei ya kupanda jike mumoja, na bei ya chakula cha jike siku zote atakazokaa pale. Mara nyingi kuko agano: mutoto asipozaliwa, feza inarudi, ao jike anarudishwa mwaka unaofuata bila kulipa tena.

Agano hili lina maana. Katika majira yake, farasi jike anataka dume kila siku 21 hivi, na anakubali kwa siku 5 mpaka 7 tu. Akishika mimba anaibeba miezi 11. Mutu akikosa siku zile, anangojea. Akikosa majira yote, mwaka mzima umepotea, na chakula jike alikula bure.

3. MAMBO YA NJORO

Sasa twende Kenya, ngambo ya Uganda, ku milima ya baridi ambayo serikali ya Waingereza ilitengea wazungu. Mwaka 1903 Muingereza mumoja, Lord Delamere, alipata Njoro shamba la eka 100,000, ni kusema hektari 40,000 hivi. Alileta ngombe dume wa kabila la Hereford kutoka Uingereza, na kondoo wa merino kutoka New Zealand, apate kuchanganya damu yao na ya wanyama wa inchi. Wengi wakafa. Kulikuwa homa ya kupe, kulikuwa ugonjwa wa mapafu, na tena majani yenyewe ya Njoro yalikosa madini ambayo mwili wa mnyama unataka. Wamasai, wachungaji wa zamani wa inchi ile, walijua kwamba malisho ya pale si mazuri. Elimu ilikuwa karibu, lakini haikuandikwa ku kitabu cha mbegu.

Jirani yake ku Njoro alikuwa Charles Clutterbuck, aliyefika Kenya mwaka 1904. Yeye alipenda farasi wa mashindano. Farasi wengi wa kwanza wa inchi ile walitoka Somalia na Habeshi: wadogo, lakini wagumu, wenye kuvumilia jua na njaa. Dume wa damu safi walikuja kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa gari moshi mpaka ku milima. Mawazo yalikuwa haya: mutoto apate mbio ya baba na ugumu wa mama.

Binti yake, Beryl Markham, aliyezaliwa mwaka 1902, alikomalia kati ya farasi wale. Alipokuwa karibu na miaka 18, ndiyo miaka yetu sisi wa darasa la mwisho, alipata ruhusa ya kazi ya kufundisha farasi wa mashindano, mwanamuke wa kwanza Kenya. Katika kitabu alichotoa mwaka 1942 aliandika juu ya dume mumoja, Camciscan, aliyetoka Uingereza.

Lakini mbegu nzuri ilikutana na adui mudogo sana. Kuko ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi, vile vidudu vinavyouma kuanzia jua kushuka mpaka asubuhi. Punda milia anaubeba na haumwi. Farasi mugeni anashikwa homa, mapafu yanajaa maji, na katika siku chache amekufa. Katika farasi 10 wenye kushikwa, hata 9 wanaweza kufa. Leo kuko chanjo. Zamani zile dawa kubwa ilikuwa kufunga farasi ndani ya nyumba mbele ya jua kuzama. Na ukame ulimaliza kazi: karibu na mwaka 1920 Clutterbuck alipoteza shamba, akaenda Peru.

4. MAMBO AMBAYO TANGAZO HALIKUSEMA

Nani alifunga farasi jioni? Nani alimusugua, akamupa maji, akalala karibu naye akiwa mugonjwa? Walikuwa wasaisi, ni kusema watunza farasi, vijana Waafrika wa inchi ile. Mumoja, arap Ruta, alifanya kazi na Beryl Markham miaka mingi, na jina lake limebaki katika kitabu. Wengine wengi hawakuandikwa mahali popote.

Watu hawa walijua dume kupita mwenye kumulipia. Lakini hawakuwa na ruhusa ya kuwa na shamba ku milima ile. Wamasai walihamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904, na tena ya mwaka 1911, ili nafasi iwe ya wazungu. Waafrika waliobaki ndani ya mashamba walikaa kwa kufanya kazi, na walifuga ngombe na mbuzi zao pembeni. Katika miaka ya 1920 wenye mashamba walianza kuondoa wanyama hao. Watu wenyewe waliita jambo lile "kifagio". Neno linatosha, hatuna haja ya kulieleza.

Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa, na hofu kwamba ngombe wa Waafrika watachafua damu ya ngombe wa bei. Tuseme kweli: magonjwa yalikuwako. Kupe hasomi jina la mwenye ngombe. Lakini dawa ya kupe ni josho, na josho linasaidia ngombe wote wenye kupita ndani yake. Kufukuza ngombe wa masikini kulifanya kazi nyingine pia: mutu asiye na mifugo hawezi kukataa mushahara mudogo. Basi, dume akaingia kwa meli na hati zake, na ngombe wa mwenye kumutunza akatolewa kwa fimbo.

5. TURUDIE KWETU

Kwetu Wanande mbuzi si nyama tu. Ni mahari, na ni masomo. Wengi wetu tumekaa darasani mwaka huu kwa sababu mbuzi mumoja aliuzwa. Kwa hivi mbuzi dume huyu si muchezo wa shule.

Wale waliosema juu ya magonjwa wana haki nusu. Mbuzi wa inje asiletwe siku moja na kupandwa siku ile ile. Atazamwe kwanza, asiwe na kuhara wala makamasi, maana sotoka ya mbuzi inamaliza kundi lote. Lakini hii ni sababu ya kuweka ulinzi ku mulango. Si sababu ya kufunga mulango.

Wale waliosema juu ya feza nao wana haki nusu, kwa sababu dume anakula na anataka dawa. Maoni yetu ni haya:

a) Dume asipite majike 25 mpaka 30 katika majira moja. Tuandike daftari: siku, mbuzi gani, wa nani. Mimba ni miezi 5, tutajua mapema kama kazi imefaulu.

b) Dume asipande binti zake, watoto watakuwa zaifu. Mbele ya binti kukomaa, tumubadilishe na dume wa mahali pengine.

c) Tusidharau mbuzi jike wetu wadogo. Wao ndio wanajua majani na mvua ya hapa. Baba anatoa nusu tu ya mutoto.

d) Mwenye feza alipe kidogo ya dawa. Mwenye hana feza alete mizigo ya majani. Kama mutoto hakuzaliwa, jike arudi bila malipo.

e) Mbuzi jike wa kwanza atakayezaliwa ku kundi la shule apewe jamaa moja lililopoteza mifugo katika vita. Nao watarudisha mutoto jike wa kwanza, apewe jamaa lingine, na hivi kuendelea.

Tunajua neno la mwisho litaleta mabishano mapya. Lakini Njoro walikuwa na mbegu, walikuwa na feza, walikuwa na kitabu cha majina. Walikosa kufungulia mulango yule aliyeshika kamba ya farasi. Sisi tusirudilie kosa lile kwa mbuzi mumoja.

MAULIZO

1. Taja babu watatu wa farasi wa damu safi.
2. Kwa nini mwenye farasi jike anapoteza mengi akikosa majira?
3. Taja mambo matatu yaliyoua wanyama wa Delamere.
4. Kupe na "kifagio": eleza kwa nini josho lilikuwa dawa bora.
5. Wewe unakubali shauri la (e) ao unakataa? Toa sababu, usitoe matusi.

Majibu yapewe kapita wa darasa lako mbele ya siku ya tano.